Seli T dhibiti na figo iliyopandikizwa

Mwaka 1995 mwanasayansi wa Japani Shimon Sakaguchi alionyesha kuwa seli T (aina ya seli za kinga) zenye CD25, protini ya juu ya seli, huzuia kinga isiushambulie mwili wenyewe; ndizo seli T dhibiti. Kwa mgonjwa wa kupandikizwa figo, seli hizi huchujwa kutoka damu yake ili baadaye arudishiwe zikiwa nyingi, zizuie kinga isiishambulie figo mpya. Hutambuliwa kwa protini zake: CD4 na CD25 nyingi, CD127 kidogo. Kisha hukuzwa maabara kwa IL-2, protini inayochochea seli T kukua, na rapamaisini, dawa inayozuia seli T shambulizi zisiongezeke pamoja nazo. Hapa ndipo penye hatari kubwa: zikibaki shambulizi, mgonjwa anarudishiwa maadui wa figo yake. Watafiti wa London walijaribu seli dhibiti milioni 1 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito. Takrolimasi, dawa anayopewa mgonjwa ili mwili usiikatae figo, nayo inakwamisha, kwani hupunguza IL-2 ambayo seli dhibiti huitegemea. Lakini kuiacha dawa hiyo ghafla kunaweza kuiua figo.