Neno Mast katika misitu ya Hessen

Huku Hessen, Ujerumani, ninakoishi, kuna miaka ambayo ardhi chini ya miti iitwayo Buche hufunikwa na vijitunda vya kahawia vyenye pande tatu, vinavyodondoka kutoka kwenye ganda la miba laini linalopasuka pande nne. Mwaka wa namna hiyo wenyeji huuita Mastjahr, yaani mwaka wa Mast. Miti huzaa kwa wingi kwa wakati mmoja hata wanyama wakashindwa kumaliza, hivyo mbegu zilizosalia hupata nafasi ya kuota.

Kamusi ina maneno mawili yanayoandikwa Mast, na hayana undugu. Moja ni mlingoti wa chombo. Jingine, siku hizi, ni kunenepesha mifugo. Hilo la pili ndilo lililonivutia, kwa kuwa katika lugha za kale za Kijerumaniki, kikiwemo Kiingereza cha kale kilicholiandika mæst, lilitaja matunda magumu ya misituni, hasa ya Buche na mwaloni, yaliyokuwa chakula cha nguruwe. Wanaisimu huliweka katika ukoo mmoja na neno la Kiingereza meat, ambalo zamani lilikuwa chakula chochote, na pia na sehemu ya kwanza ya Messer, yaani kisu, neno ambalo mgeni hujifunza mapema kabisa mezani.

Msitu, basi, ulikuwa ghala la chakula. Katika Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, orodha ya kifalme ya ardhi na mali, misitu mingi ya Uingereza ilipimwa kwa idadi ya nguruwe. Hapa Hessen, katika hifadhi ya Urwald Sababurg iliyolindwa tangu 1907, bado imesimama mialoni minene iliyotandaza matawi, kwa sababu zamani iliachiwa nafasi ili mifugo ilishe chini yake. Wajerumani walisema kwamba paja bora la nguruwe huota juu ya mwaloni.

Kwa maoni yangu, Kijerumani kimepoteza kitu neno hili lilipohamia kwenye mabanda ya mifugo inayolishwa nafaka na soya, ilhali Kiingereza kimebaki na maana ya matunda yenyewe. Katika New Forest, kusini mwa Uingereza, nguruwe bado hufunguliwa majani yanapopukutika ili wale matunda ya mwaloni, ambayo yakiliwa mabichi kwa wingi huwadhuru farasi na ng'ombe wanaolisha humo.