Mistari mitatu ya mwisho: siku yangu moja ya kuandika filamu Lubumbashi

Saa 12:30 asubuhi. Umeme upo. Hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, saa ya kuamka inapangwa na umeme, si na jogoo. Kompyuta nimeichomeka, simu nimeichomeka, na taa ya jirani ya kuchaji nayo inangoja zamu yake. Jioni mtayarishaji anataka senario, yaani maandishi ya filamu yangu fupi: mama muuza makala (ndivyo tunavyoita makaa ya kupikia), mwanawe kaenda kuchimba madini Kolwezi, mama anangoja. Ni kurasa 18. Kwa kawaida ya kazi hii, ukiandika kwa herufi za Courier ukubwa wa 12, ukurasa mmoja hukaribia dakika moja ya filamu, kwa hiyo nina dakika 18 hivi. Mazungumzo yamekamilika. Imebaki mistari mitatu ya mwisho.

Mke wangu anasema mistari mitatu haiwezi kula siku nzima. Yeye anauza vitambaa. Kitambaa kikishakatwa, kimekatwa.

Saa 2. Mwisho wa senario una kazi mbili, na wengi wetu tunazichanganya. Kazi ya kwanza ni ya picha: inaondokaje machoni pa mtu? Inafifia mpaka giza, inakatika ghafla, au inabaki pale pale huku majina yakipanda? Kazi ya pili ni ya karatasi: kumwambia aliyezishika kurasa kwamba hakuna nyingine inayofuata.

Waamerika kwa desturi huandika FADE OUT. (picha inafifia) upande wa kulia, na nukta yake, kisha THE END (mwisho) katikati. Sisi tuliojifunza kwa Kifaransa tunaandika maneno ya maana ile ile: FONDU AU NOIR, picha inafifia mpaka giza, na chini yake FIN, mwisho. Wahusika wangu wanazungumza Kiswahili cha hapa. Maneno ya ufundi kama haya ni Kifaransa kwa sababu mpiga picha na mtu wa sauti ndivyo walivyozoea. Hakuna sheria inayodai yote mawili. Kuna wanaoweka FIN peke yake, kuna wanaoacha sentensi ya mwisho ijitetee.

Kufifisha picha zamani ilikuwa kazi ya mkono. Mpiga picha alifunga tundu la lenzi taratibu huku mkanda ukizunguka ndani ya kamera. Baadaye maabara zikaifanya kwa mashine zao. Aliyeandika FADE OUT alikuwa anaagiza kazi ya watu na ya pesa. Leo mhariri anaburuta kipanya kidogo tu, basi nasi tunaiandika bila kufikiri, kama salamu.

Ukurasa wangu asubuhi hii unasema hivi:

*Mama anafunika gunia la mwisho. Anaingia ndani. Mlango anauacha wazi.*
*FONDU AU NOIR.*
*FIN*

Hilo fondu linanikera. Picha ikififia, mtazamaji anaambiwa apumzike, mambo yamekwisha. Kwa mama huyu hayajaisha. Najaribu kukata ghafla kwenda gizani. Hapana, giza la namna hiyo ni la mtu aliyepigwa rungu, na hapa hakuna aliyepigwa. Nafuta yote mawili na kuandika: *Majina yanapita juu ya picha ya mlango.* Hapo naona nimekaribia. Picha haiendi popote, sisi ndio tunaoondoka.

Saa 4:10. Umeme umekwenda. Betri ya kompyuta ilishazeeka, kwa hiyo nahamia kwenye simu. Ninachotumia huko ni Fountain, namna ya kuandika senario kwa maandishi matupu, iliyotoka 2012. John August na Stu Maschwitz ni miongoni mwa walioibuni. Inafunguka kwenye simu yoyote na haidai intaneti. Ina ujanja mmoja ambao sisi wa Kifaransa lazima tuujue: inatambua yenyewe kwamba mstari ni wa mpito, yaani unaosema picha inaondokaje, pale tu unapokuwa kwa herufi kubwa na kuishia na TO: ya Kiingereza. FONDU AU NOIR inaichukulia kama maelezo ya kawaida na kuiacha kushoto. Dawa yake ni kutia alama ya > mwanzoni mwa mstari, nao unakwenda kulia. Ukitaka neno likae katikati unalibana pande zote mbili: > FIN <. Kwenye simu yangu alama hizo zimefichwa nyuma ya ukurasa wa pili wa vitufe, na kidole gumba changu kinazijua njia kuliko macho.

Saa 7 mchana. Bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, haraka, kwenye kibanda cha pembeni ya njia. Samaki amepanda bei tena.

Saa 8. Mtaa wa Kamalondo, kwenye ua wa rafiki, vijana wananisomea kazi zao. Karibu wote wanamaliza na giza la ghafla. Bunduki inalia, giza. Simu inaita, giza. Msichana anageuka, giza. Nimewaambia sina ugomvi na giza, nina ugomvi na mwandishi anayezima taa kabla hajaamua kilichotokea.

Kijana mmoja akaniuliza: "Yaya, sasa mbona filamu za zamani zilituandikia kabisa kwamba ni mwisho, na za leo haziandiki?"

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye orodha ya majina. Katika filamu nyingi za zamani za Hollywood majina mengi yalitangulia mwanzoni, kwa hiyo hadithi ilipokwisha hapakubaki kitu cha kuonyesha ila maneno yale mawili, THE END, na watu wakasimama. Tangu miaka ya 1970 ikawa kawaida orodha ndefu ya mafundi wote kupita mwishoni. Orodha yenyewe ikawa tangazo la mwisho, na neno likakosa kazi kwenye skrini. Kwenye karatasi lilibaki, kwa maana karatasi haina orodha inayopanda wala taa za ukumbi zinazowaka.

Mwenzake alikuwa ameweka FIN, chini yake mistari mitupu sita, halafu tukio jingine la siri baada ya majina. Inaruhusiwa, lakini nilimwomba aandike wazi, juu ya FIN, kwamba kuna tukio baada ya majina. Msaidizi wa mwongozaji akiona FIN anafunga daftari, na siku ya kupiga picha ile siri yako haitakuwemo kwenye ratiba.

Saa 10. Duka la fotokopi. Hapa siku inaanza kuwa ndefu. Kompyuta yao haina herufi za Courier, ikazibadilisha kimyakimya na herufi nyingine, mistari yote ikasogea. Kurasa 18 zikawa 19, na kwenye ule wa 19 hakuna chochote ila neno FIN, peke yake, juu kabisa. Kijana wa mashine akachapisha nakala tatu. Akazibana kwa pini, na zile karatasi zenye neno moja akaziweka pembeni.

"Na hizi?"

"Papa, hizi ziko bure. Hazina kitu. Nilifikiri ni za kutupa."

Wakati tunabishana, mpwa wa mwigizaji wangu alikuwa ameshachukua nakala moja na kupanda pikipiki. Nilirekebisha zilizobaki: faili nikalitoa simuni kama PDF, ambayo haibadilishi herufi, na kila kitu kikarudi kwenye 18. Ukurasa mmoja wa ziada si jambo dogo. Anayepanga siku za kupiga picha anahesabu kurasa, na neno moja pweke lingenigharimu dakika isiyokuwepo.

Waandishi wa habari wa Marekani walikuwa na desturi ya kuandika 30 chini ya habari yao, ili mpokeaji ajue hakuna kinachofuata. Nilimsimulia kijana wa mashine. Akacheka, akasema yeye anatoza kwa ukurasa, uwe na neno au usiwe nalo.

Saa 12 jioni. Simu ya mwigizaji, yule mama atakayecheza muuza makala. Ameshasoma.

"Mwana, karatasi ingine iko wapi?"

"Mama, zote ziko hapo. 18."

"Apana. Ananiacha ku mulango. Mutoto atarudi ao hapana?"

Yeye alilelewa na michezo ya uani, isiyo na senario wala pazia. Hata kundi la maigizo la Mufwankolo, lililojulikana mji mzima redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili chetu, lilitengeneza michezo yake kwa kujadiliana mazoezini, bila mazungumzo yaliyoandikwa. Nilimuuliza wao walijuaje kwamba mchezo umekwisha. "Batu wakicheka sana, tunatoka. Wasipocheka, tunaendelea." Kwake mwisho uliandikwa usoni pa watu. Mimi ninampa karatasi, na karatasi haina uso.

Ndipo nikaona kwamba kadiri hadithi inavyoachwa wazi, ndivyo neno la kufunga linavyohitajika kwenye kurasa. Mtoto angerudi na kumkumbatia mama yake, hakuna ambaye angenipigia simu kuulizia ukurasa, hata FIN ikisahaulika. Nimemtumia picha ya ukurasa wa 18 uliorekebishwa. Akanyamaza kidogo, akasema: "Aa. Kumbe njo mwisho. Basi sitafunga ule mulango kwa nguvu." Alikuwa amepanga kuubamiza! Kumbe neno moja linaweza kumwelekeza hata mwigizaji.

Saa 3 usiku. Umeme umerudi, nimetuma faili kwa mtayarishaji. Mistari mitatu ya mwisho sasa ni mlango, majina na FIN. Hakuna kufifia, hakuna giza. Akajibu baada ya nusu saa. Kuhusu mwisho hakusema lolote. Anataka kujua ni magunia mangapi ya makala tutanunua, na kama tunaweza kuyauza tena baada ya kupiga picha.