Risiti ya Kwanza

Agosti 2020, asubuhi moja ya baridi na manyunyu, utingo wa lori alibisha geti letu pale Sakina akauliza kama hapo ndipo anapokaa yule mama fundi wa maturubai. Nilikuwa jikoni na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Nikamjibu kwamba amepotea nyumba.

Sikukusudia kumdanganya. Siku zile mtu akiniuliza mimi ni nani, jibu lililonijia lilikuwa lile la zamani tu, na hilo halikuwa langu tena.

Kwa miaka 9 nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya safari hapa Arusha. Gari halikutoka kwenda Serengeti bila saini yangu. Mahema, magodoro, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, masufuria, hadi vijiko, vyote vilipita mkononi mwangu. Vikitoka nahesabu, vikirudi nahesabu. Ikifika hai sizoni, msimu wa wageni wengi, nilikuwa naamka saa kumi alfajiri ili saa kumi na mbili magari yawe yameshapakia. Wapishi walinipigia hata usiku wa manane: dada, hema la tatu halina vigingi, dada, taa moja haiwaki. Nilikuwa nalalamika sana juu ya simu zile. Nilikuja kuzililia.

Tarehe 16 Machi 2020 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana, tena hapa hapa Arusha. Wageni walikuwa wameshaanza kufuta safari. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na Mei ziliporuhusiwa tena, wageni hawakurudi nazo. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, na mwaka 2020 wakawa kama 620,000 hivi. Mimi tofauti hiyo niliiona kwenye rafu. Mahema niliyoyakunja Machi yalikuwa bado yamekunjwa Juni, na vumbi juu yake.

Tulianza na likizo bila malipo. Mwisho wa Juni tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Siwezi kumlaumu mkurugenzi, yeye alilia kabla yangu. Mwezi wa notisi ukalipwa, na kiinua mgongo kikapigwa kwa mujibu wa sheria: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, miaka 9, siku 63. Kabla ya kukabidhi funguo niliihesabu stoo nzima kwa mara ya mwisho. Hakikupungua hata kigingi. Hakuna aliyeniuliza kama kimepungua.

Hatukulala njaa, na hili nalisema wazi kwa sababu wako waliolala. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya serikali, mshahara wake uliendelea kuingia hata shule zilipofungwa. Kwa hiyo nilijiona sina haki ya kulalamika, na huzuni ambayo huna haki nayo haina pa kutokea. Saa kumi alfajiri macho yalifunguka yenyewe. Nikawa nakaa ukingoni mwa kitanda gizani, nasikiliza magari ya barabara ya Namanga, nasubiri kupambazuke niwe na kisingizio cha kusimama. Julai ya Arusha ni baridi, na jaketi langu zito lilikuwa moja tu, lile la kazini lenye jina la kampuni kifuani. Nikawa nalivaa ndani nje. Dukani nikawa naenda giza likishaingia. Kwenye kikoba nikakosa wiki tatu mfululizo, faini zikawa zinapanda, na mwekahazina akipiga simu naiangalia inaita mpaka inakatika.

Nilichelewa hata kufuatilia fao la kukosa ajira NSSF. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, fedha yangu halali, na bado nilikaa wiki mbili naogopa ile safari ya mjini. Nilipokwenda niliwakuta kwenye benchi watu ninaowajua: dereva wawili, mpishi mmoja, dada wa mapokezi wa hoteli fulani. Tulisalimiana, kisha kila mmoja akainamia simu yake.

Halafu kulikuwa na neno "jiajiri". Nililisikia kanisani, redioni, kwa wifi yangu, kwa kila aliyenipa pole. Fuga kuku. Fungua genge. Uza mitumba. Walikuwa na nia njema, lakini neno lile lilikuwa linanichoma, kana kwamba ni kidonge ambacho nimekataa kukimeza. Usiku nilikaa na kauntabuku nikipiga hesabu: vifaranga 100, chanjo, chakula, pumba, wangapi watakufa. Hesabu nilizijua, ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya. Lakini kuku wale kwenye daftari hawakuwa wangu. Nilikuwa nahesabu biashara ya mtu mwingine, kama nilivyohesabu maisha yangu yote.

Dakika kumi baada ya kuondoka, utingo alirudi na kijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale barabarani.

"Mama, si wewe ulinishonea siti mwezi uliopita? Ikapita mvua isipenye? Huyu mzee amekwama, msaidie."

Ni kweli nilikuwa nimemshonea, bure, kwa sababu alinirudisha nyumbani siku ya benchi lile la NSSF na sikutaka kuingia ndani mapema. Nikaenda kuangalia tu.

Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni, limejaa magunia ya mahindi kutoka Babati, linaelekea Namanga na kuvuka kwenda Nairobi. Kamba moja ililegea usiku, upepo ukalipiga turubai mpaka likapasuka kwenye kunjo la pembeni, karibu mita mbili. Magunia mawili ya juu yalikuwa yameshaloa. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amesimama kwenye manyunyu bila kofia, simu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tajiri ameshanipigia mara tatu. Mahindi yakifika na unyevu yatakataliwa yote. Utaweza?"

Nikashika ule mpasuko. Turubai zima linaongea na vidole. Ukilisugua ukasikia unga, jua limeshalimaliza, kila tundu la sindano litafungua mpasuko mpya. Hili lilikuwa bado gumu. Nikasema nitaweza, na ndipo nikajisikia nimesema.

Kushona maturubai hakukuwa kazi yangu kwenye barua ya ajira. Kila Jumanne alikuwa akija stoo mzee mmoja fundi wa kurekebisha mahema, na mimi nilikaa naye muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu nilipenda kumtazama. Akanifundisha. Siku aliyostaafu aliniachia shazia mbili, zile sindano nene za kushonea vitu vigumu, na kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani ili usukume sindano bila kujitoboa. Nilivikuta chini ya sanduku, vimefungwa kwenye kitambaa kilekile.

Tulilishusha turubai, mzigo wakaufunika kwa nailoni kwa muda, mwenye duka jirani akatupa kibaraza chake. Dereva alikuwa na kipande cha turubai kuukuu. Nikakata viraka viwili, cha nje na cha ndani, kila kimoja kikizidi mpasuko kwa kiganja kizima pande zote. Pembe nikazikata mviringo, kwa sababu pembe kali ndizo zinazoinuka kwanza upepo ukipita. Kingo nikazikunja kwa ndani. Nikakishikiza kiraka kwenye ncha, kisha katikati, utingo akivuta upande wa pili hadi kila kitu kikalala bila mkunjo. Uzi wa nailoni niliupitisha kwenye mshumaa mara tatu, hadi ukawa unateleza na kunata kwa pamoja.

Mshono wa kwanza ulikwenda vibaya. Vidole vilikuwa vimesahau, na kidole cha shahada nikakitoboa mara mbili. Nikafumua pima nzima nikaanza upya. Utingo akanitazama kwa wasiwasi, lakini mzee hakusema kitu, alivuta ndoo akakaa. Kisha mkono ukapata mwendo wake: toboa, vuta, kaza kwa kidole gumba, toboa. Sauti ya shazia ikipenya turubai ni ndogo na kavu, kama mtu anayemega ubua. Ulipofika mshono wa pili, ule wa ndani unaokwenda sambamba na wa kwanza, nilishtuka kugundua kwamba sijawaza lolote kwa muda mrefu. Si barua, si kikoba, si kesho. Nilipoinua kichwa adhana ya adhuhuri ilikuwa ikisikika na manyunyu yalikuwa yamekatika. Mwisho nikausugua mshono wote kwa mshumaa, hasa wa juu kwa sababu huo ndio unaopokea maji kwanza, nikamwagia kikombe cha maji katikati ya kiraka. Tukainama wote watatu kutazama chini yake. Pakavu.

"Haya fundi, tukupe ngapi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Miaka 9 mshahara wangu nilitajiwa. Hata siku ya usaili nilipoulizwa nataka kiasi gani nilisema "kulingana na utaratibu wa ofisi". Sikuwahi maishani mwangu kutaja bei ya mikono yangu mbele ya mtu.

"Toeni chochote tu, mzee."

Utingo, haraka haraka, akatoa noti ya 5,000. Dereva akaurudisha mkono wake.

"Chochote siwezi kumwandikia tajiri. Anataka risiti. Kazi gani, shilingi ngapi, fundi nani. Nikimpelekea chochote atasema nimekula."

Nikaingia ndani kuchukua kauntabuku. Nikiwa nimesimama mezani nikazikumbuka vocha za yule mzee wa Jumanne. Mimi ndiye niliyeziandaa. Kazi ya ukubwa huu alikuwa akilipwa kati ya 30,000 na 40,000, na siku mhasibu alipotaka kumpunguzia nilisimama kidete kwamba kazi ya mkono haipunguzwi hivyo. Nilikuwa nimeijua bei hii miaka yote. Nilimtetea nayo mtu mwingine hadi nikapandisha sauti, na leo kuitamka kwa ajili yangu koo lilikuwa limekauka.

Sikuitamka. Niliiandika. "Kushona turubai la lori, mita 1.8, viraka viwili, nje na ndani: 35,000/=." Nikamsogezea daftari nikiangalia pembeni.

Akasoma taratibu, akifuata maneno kwa kidole.

"Na uzi?"

"Uzi umo humo humo, mzee."

"Sawa." Akaanza kuhesabu noti. Hakushangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, kwa kucheka, kwa kubembelezwa, kwa hasira. Sikujiandaa kwa mtu anayeona ni sawa tu.

"Weka saini, mwanangu. Na chini yake uandike cheo."

Saini ilitoka yenyewe. Chini yake mkono ukaanza kuandika kile ulichokiandika maelfu ya mara. Nikaandika "Mtu", nikasimama. Kalamu ikabaki juu ya karatasi. Nafikiri nilisimama muda mrefu, kwa sababu utingo alikohoa. Kisha nikapiga mstari mmoja juu yake, kama tulivyokuwa tukisahihisha stoo, na pembeni nikaandika: Fundi turubai.

Nikanakili nyingine kwa ajili yangu. Ninayo hadi leo.

Jioni mume wangu aliporudi alizikuta fedha mezani pamoja na nakala ile. Aliisoma, akaisoma tena, akaniuliza kama kidole kinauma. Nikamwambia kinauma. Akachemsha maji akaweka chumvi.

Sikuamua kitu siku hiyo. Usiku hofu ilirudi: maturubai mangapi hupasuka Sakina kwa mwezi? Na yakipasuka, nani ataniita? Saa kumi alfajiri macho yakafunguka kama kawaida, ila safari hii niliwasha taa na kufungua daftari. Bei ya turubai kwa mita. Uzi. Siti za bodaboda, vijiwe vitatu kutoka kwetu hadi mjini. Cherehani ya kushonea vitu vizito, ya mkononi, kwa zile theluthi za NSSF ikiwa sitazigusa. Kitambulisho cha mjasiriamali, 20,000, ili nisisumbuliwe nikikaa barabarani. Nilipiga hesabu hadi jogoo wakaanza kuwika, na sehemu kubwa hazikukubali. Jumamosi nilikwenda kikoba nikalipa faini zote.

Siku ya nne nilikuwa uani nafua. Honi ya lori ikapigwa mara tatu barabarani. Nikatoka mbio hadi getini. Lilikuwa linarudi tupu, turubai limekunjwa juu na kufungwa kamba, kiraka changu kikiwa mahali fulani ndani ya kunjo hizo, hakionekani. Mzee aliinua mkono. Utingo akatoa kichwa na kifua chote dirishani.

"Halikuvuja, fundi!"

Nilibaki pale na povu la sabuni mikononi mpaka lori likapotelea kwenye foleni ya kuingia mjini.