Mikroni 9 na vumbi la Dodoma

Leo nimerudi saa mbili usiku, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, nimeoga maji yametoka kama chai ya rangi. Nimechoka ila sitaki kulala kabla sijaandika maana leo nimetimiza miaka mitatu kazini na naona nisipoandika saivi nitasahau nilianzaje.

Nilimaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), pale CIVE wanapofundisha kompyuta, nikiamini kabisa nimeiva. Sabneti (vipande vya anwani za mtandao) nilikuwa nazipiga kichwani, ukinitajia /26 nakujibu anwani 64, za kutumia 62, OSPF ya rauta kutafutiana njia naijua, VLAN za kugawa mtandao mmoja vipande nimezipanga kwenye Packet Tracer, ile programu ya mazoezi, mpaka laptopu inachemka. Na kichwani kwangu injinia wa mtandao alikuwa ni mtu wa kukaa seva rumu yenye AC, skrini mbili mbele yake, anaandika komandi. Basi nikapata kazi kwenye kampuni ndogo ya kuunganishia watu intaneti hapa mjini, na siku ya kwanza kaka aliyekuwa kiongozi wa timu yetu akanipa ngazi. "Mdogo wangu, beba hiyo, tunaenda Nzuguni."

Miezi ile nilikuwa na hasira sana, sema sikumwambia mtu. Kuvuta waya juu ya dari saa nane mchana bati limeshika moto, kukrimpu RJ45 (kile kichwa cha plastiki cha waya wa neti) mpaka ncha za vidole zinakufa ganzi, rangi za nyaya kwa mpangilio wake, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, hata usingizini nilikuwa nazipanga. Kazi ilikuwa haiishi maana tangu serikali ihamie huku mji unajengwa kila upande, Mtumba, Ihumwa, Ilazo, Kisasa, na kila anayemaliza kupaua anataka neti siku hiyo hiyo. Nikirudi geto najiuliza hii digrii niliisomea nini kama kazi yenyewe ni kupanda ukutani.

Kilichonibadilisha ni steshenari moja ya Ilazo.

Ilikuwa Agosti, msimu wa maombi ya mkopo wa chuo. Kama unazijua steshenari za huku unajua msimu ule zinavyokuwa, benchi limejaa watoto waliomaliza fomu six, kila mmoja na bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa, anasubiri zamu yake ya kujaziwa fomu kwenye mfumo na kuskaniwa vyeti. Mama mwenye duka akanipigia, "mwanangu neti inakata, ikifika mchana haikai." Nikaenda. Nikawasha rauta upya, nikabadilisha DNS, nikapunguza MTU, nikahamisha chaneli ya waifai, nikapandisha famuwea, mipangilio yote ya ndani ya rauta niliyoijua, ikakaa nusu saa nikaondoka nimejisifu. Kesho yake simu tena. Nikarudi na laptopu, nikakaa pale mpaka jioni nasoma logi mstari kwa mstari, naona tu inakata inarudi, inakata inarudi. Kulikuwa na binti ametoka Bahi na daladala ya asubuhi, kasubiri mpaka saa kumi na moja, fomu yake ikagoma mara tatu kwenye kuambatanisha vyeti, akaaga akaondoka na bahasha yake kwapani ili asikose gari la mwisho. Yule binti sijamsahau mpaka leo.

Siku ya tatu akaja kaka mwenyewe. Hakugusa laptopu. Akaniuliza swali moja, "umepima mwanga?"

Sikuwa nimepima.

Akapanda ngazi kwenye kile kiboksi cha ukutani nje cha faiba, ule waya wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga. Kifuniko kilikuwa kinaning'inia kwenye skrubu moja, na upepo wa Dodoma wa kiangazi mnaujua, mchana ukianza kuvuma unakisukuma kile kifuniko kinagonga ukuta tap tap na vumbi linaingia ndani. Akachomoa konekta akaichomeka kwenye mita, ikasoma hasi 28.4 (ni dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga, namba ikienda mbali zaidi na sifuri mwanga ni dhaifu zaidi). Vifaa vile vya nyumbani ukishuka chini ya hasi 27 havina uhakika tena, vinashika na kuachia, kwa hiyo mtikisiko kidogo tu wa upepo ulikuwa unatosha kuikata. Akanipa ile darubini ndogo ya kukagulia ncha, nikaweka jicho. Ukiangalia faiba kwa macho unaona kitu kisafi tu, ila sehemu inayopitisha mwanga katikati ina upana wa mikroni 9 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara nyingi, na pale katikati kabisa palikuwa na punje ya vumbi imekaa kama jiwe kwenye mlango wa choo. Akachukua kalamu ya kusafishia, akaisukuma ikalia klik, akapima tena. Hasi 19.6.

Halafu akaangalia lebo. "Hapa alifunga nani?"

Mwandiko ulikuwa wangu. Tarehe yangu. Nilifunga jioni, giza linaingia, nina haraka, sikusafisha ncha, sikurudisha skrubu ya pili. Hakunifokea, na ndicho kilichoniuma zaidi. Alisema tu, "anza chini kwenye waya mdogo wangu, ukiruka chini utazunguka huko juu siku tatu." Nikamfikiria yule binti wa Bahi, nikashindwa hata kula mchana ule.

Kesho yake nikanunua daftari la kaunta. Kila mteja ninayemfunga naandika tarehe, mwanga umesoma ngapi, konekta ni ya kijani au ya bluu (ya kijani ncha yake imekatwa mshazari kwa pembe ya digrii 8, ukiichomeka kwenye ya bluu mwanga mwingi unapotea na zote mbili zinaingia bila kukataa, kwa hiyo lazima uangalie), kifuniko kina skrubu ngapi. Mwanzoni nilidhani ni la kuniepusha na aibu, baadaye nikaona namba ya mwezi wa tatu na namba ya mwezi wa tisa ukiziweka pamoja zinakuambia waya unakufa kabla mteja hajapiga simu. Napenda lile daftari kuliko laptopu yangu, kweli.

Na lilinisaidia ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Simu zilianza kuita kwa pamoja, neti hakuna mji mzima, watu wanatukana. Nikaanza chini. Mwanga wa wateja watatu uko vile vile kama daftari linavyosema. Getiwei, mlango wa kutokea kwenye mtandao wetu, inajibu. Rauta yetu ya mjini inajibu, Dar inajibu, mbele ya Dar kimya. Nikawa nawajibu wateja kwa sauti iliyotulia, mama nyumbani kwako pazima, tatizo liko mbele ya Dar. Baadaye ikatangazwa kwamba mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom imekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mimi niko Dodoma katikati ya nchi kavu na nililiona lile tatizo lilipo kwa pingi tano, vile vijumbe vya kuuliza kifaa kama kinajibu. Siku hiyo ndiyo niliona zile leya za darasani (tabaka za mtandao, waya chini, programu juu) na ile ngazi ni somo moja.

Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, nimeuahirisha mara mbili, dola 300 si mchezo kwa mshahara wangu na cheti chenyewe kinaishi miaka 3 tu, ila mwaka huu nafanya. Wenzangu wananitumia madampu (maswali ya mtihani yaliyovuja na majibu yake) kwenye WhatsApp wananiambia meza majibu haya unapita. Sitaki. Nimeshawahi kumuona mtu amerudi nyumbani na bahasha yake kwa sababu mimi niliruka hatua.

Leo tulikuwa na kijana wa fildi kutoka chuo, Kisasa, nyumba ya ghorofa moja. Amekuja na laptopu mgongoni na shati limepigwa pasi. Nikampa ngazi. Nikamuona uso ulivyobadilika, nikaujua ule uso. Sikumwambia kitu, nilimshikilia ngazi tu, akasafisha, akapima, akasoma kwa sauti "hasi 18.9 dada", nikaandika. Alipoanza kushuka nikamuuliza skrubu ngapi, akasimama kidogo, akapanda tena.

Kesho Kibaigwa, gari saa kumi na moja alfajiri. Spiriti ya kusafishia imebaki robo chupa, nikumbuke kupita duka la dawa.