Kuishi kwa easofti hapa Uingereza

Ndugu zangu, wengi mmeniuliza inboksi kama kweli naishi kwa hizi bunduki za easofti, mchezo wa vita vya kuigiza vya kurushiana vigololi vya plastiki. Naishi, ila si kwa kucheza.

Kinachonilisha ni meza ya ufundi. Nafungua giaboksi, yaani sanduku la gia lililo ndani ya bunduki, nabadili pistoni iliyokatika meno, napaka grisi, kisha napima kasi ya vile vigololi vya plastiki vya milimita 6. Hapo kwenye kupima sina mzaha. Sheria imeweka kikomo: bunduki inayomimina mfululizo isizidi jouli 1.3 (jouli ni kipimo cha nishati ya kigololi, nayo hutokana na kasi yake), ya moja moja isizidi 2.5. Ikivuka, inaweza kuhesabiwa silaha halisi. Mteja akitaka springi kali zaidi, namrudishia bunduki yake na hela yake, hata kama kodi ya nyumba inanisubiri.

Kuuza bunduki sikugusa. Tangu sheria ya 2006, zinazofanana na za kweli huuziwi hivi hivi. Wachezaji wengi hutumia usajili wa UKARA, orodha inayomwonyesha muuzaji kuwa mnunuzi ni mchezaji kweli, na kuupata lazima uwe umecheza angalau mara 3 katika muda usiopungua siku 56. Mtaji ukikaa rafuni muda wote huo ukisubiri mnunuzi asajiliwe, mtu wa kipato changu anaumia.

Januari ni ngumu. Viwanja ni matope, na bunduki za gesi hupoteza nguvu kwenye baridi. Lakini kazi hii naipenda kwa moyo wote.

Mwenye kijana anayependa kuchezea springi na skrubu amlete Jumamosi. Nahitaji msaidizi, na nitamlipa.