Uvimbe wa shingoni mwa kaka

Jana usiku usingizi ulikataa, nikakaa na ripoti ya maabara ya kaka yangu. Uvimbe waliomtoa ulikuwa chini ya taya, pale unapoweka vidole viwili kusikia mapigo. Umeota kwenye kinyama kidogo kama punje ya mchele, ambacho kazi yake ni kupima oksijeni ya damu.

Wanaoishi juu sana milimani, kama kule Peru, hupata zaidi uvimbe wa namna hii, maana hewa yao kweli ni haba. Kaka amekulia Tanga, usawa wa bahari! Kwake kasoro ni ya jeni ya SDHD. Kimeng'enya ambacho jeni hiyo husaidia kukiunda, kilichopaswa kugeuza saksineti (kemikali ya katikati ya safari ya kutengeneza nishati) ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hakifanyi kazi, saksineti inarundikana, inavuja, inavizuia vimeng'enya vinavyotumia oksijeni kuitia protini ya HIF, ile inayoiambia seli kuwa hewa ni haba, alama ya kuvunjwa. HIF ikibaki, seli inaamini inakosa hewa, ilhali damu imejaa oksijeni. Inaita mishipa mipya, inachoma sukari kwa pupa, inaendelea kukua.

Waliofumbua jinsi HIF inavyodhibitiwa walipewa Nobel mwaka 2019. Nawashukuru kwa moyo wote.

Kasoro ya SDHD huleta uvimbe hasa mtu akiirithi kwa baba. Sisi ni baba mmoja, kwa hiyo Jumatatu naenda kutolewa damu. Kaka leo kamaliza kikombe kizima cha uji. Sauti bado inakwaruza.