Jinsi ya kusoma nasaba ya makuhani katika 1 Nyakati 6

Wasomaji wengi wakifika sura hii huruka moja kwa moja hadi sura ya 10, kifo cha Sauli. Wanaacha nyuma kesi nzima ya ukuhani mkuu. Orodha ile ni hati ya haki, inayoonyesha ni ukoo gani unaostahili kusimama madhabahuni. Ukiichukua kuwa daftari la wote walioshika cheo, utakwama mapema: Eli hayumo, Yehoyada aliyemtawaza Yoashi hayumo, wala Uria wa siku za Ahazi. (Katika Tanakhi, yaani Biblia ya Kiebrania, orodha yenyewe iko 5:27-41, kwa hiyo usishangae namba zikipishana.)

Chukua karatasi, uanze na Kutoka 6:16-25: Lawi, Kohathi, Amramu, Haruni. Haruni ana wana wanne, lakini Nadabu na Abihu wanakufa kwa moto wa kigeni, na Hesabu 3:4 inasema hawakuacha watoto. Yanabaki matawi mawili tu, la Eleazari na la Ithamari. Chora safu mbili.

Katika safu ya Eleazari andika Hesabu 25. Huko Shitimu, Finehasi mwana wa Eleazari anamchoma mkuki Mwisraeli Zimri pamoja na Kozbi, mwanamke Mmidiani, pigo lililoua watu 24,000 linakoma, na Mungu anampa yeye na uzao wake agano la ukuhani wa milele.

Safu ya Ithamari ina kazi zaidi, maana hakuna mahali panaposema wazi kwamba Eli ni wa Ithamari. Inabidi uunganishe. 1 Wafalme 2:27 inaeleza kuwa kuondolewa kwa kuhani Abiathari katika ukuhani kulitimiza neno la hukumu juu ya nyumba ya Eli. Abiathari ni mwana wa Ahimeleki (1 Samweli 22:20), na 1 Nyakati 24 inawaweka akina Ahimeleki chini ya Ithamari. Hapa watu huteleza kwa sababu ya majina. Eli naye alikuwa na mwana aitwaye Finehasi, na akina Ahitubu wako zaidi ya mmoja. Kila jina liandike pamoja na la baba yake, la sivyo utamhamishia mtu agano lisilo lake.

Sasa ahadi zenyewe. Katika 1 Samweli 2:30 Mungu anakiri kuwa nyumba ya Eli iliahidiwa kwenda mbele zake milele, kisha anaitangua ahadi hiyo. Ya Finehasi mwana wa Eleazari inabaki. Anguko linakuja kwa hatua: Doegi, mtumishi wa Sauli, anaua makuhani 85 wa mji wa Nobu, Abiathari peke yake anaponyoka, anamtumikia Daudi, halafu Sulemani anamfukuzia Anathothi na kumweka Sadoki, wa tawi la Eleazari, mahali pake. Wahubiri wengi huishia hapo na kusema tawi lile lilifutwa. Halikufutwa. Katika zamu 24 za utumishi wa makuhani zilizo katika 1 Nyakati 24, wana wa Eleazari wanapata 16 na wana wa Ithamari 8. Kilichopotea ni ukuu. Utumishi walibaki nao.

Baada ya hapo hesabu majina. Kutoka Haruni hadi Yehosadaki, aliyechukuliwa uhamishoni Babeli, utapata 23. Linganisha na Ezra 7:1-5: kati ya Merayothi na Azaria yanakosekana sita, kuanzia Amaria wa kwanza hadi Yohanani. Sadoki wa Daudi mwenyewe ni mmoja wao! Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jicho la mnakili liliruka kutoka Amaria mmoja hadi mwingine. Lakini mruko huo ungemeza na Azaria aliye kabla ya Amaria wa pili, na Ezra anamtaja. Naona ufupisho wa makusudi una nguvu zaidi, hasa kwa kuwa sura hiyohiyo inamwita Ezra mwana wa Seraya, aliyeuawa Ribla mwaka 586 K.K. Ezra, kwa hesabu ya kawaida, alifika Yerusalemu mwaka 458 K.K. Kuna vizazi vilivyorukwa hapo pia, na haki ya ukuhani haikupungua.

Hati ikikosekana kabisa, ni jambo jingine. Kati ya waliorudi kutoka Babeli kulikuwa na makuhani 4,289 wa koo nne: Yedaya, Imeri, Pashuri na Harimu. Wana wa Habaya, Hakosi na Barzilai walitafuta orodha yao wasiione, wakatengwa na ukuhani, na liwali akawakataza vyakula vitakatifu sana mpaka asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu, vyombo vya kuulizia mapenzi ya Mungu (Ezra 2:61-63). Hakosi ulikuwa ukoo wa zamu ya saba. Baadaye Nehemia 3:4 inamtaja Meremothi mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, akijenga ukuta. Na katika Ezra 8:33 ni Meremothi mwana wa Uria, kuhani, anayepokea fedha na dhahabu ya hekalu. Ikiwa ni mtu huyohuyo, basi ukoo ule ulikubaliwa tena.